Jina Chini ya Picha: Tovuti na Blogu katika Uuzaji wa Kazi za Wachoraji wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna tovuti na blogu zinavyoweza kumsaidia mchoraji wa Afrika Mashariki kutangaza na kuuza kazi zake, na sababu zinazofanya misaada mingi ya aina hiyo isizae matunda. Mfano mkuu ni wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam. Mifano ya Lubumbashi, Kampala na Nairobi inatumika pale inapotoa mwanga. Hoja inayojengwa ni kwamba ukurasa wa msanii ni daftari la kumbukumbu kabla haujawa duka, na kwamba taratibu za malipo, leseni na kodi ndizo zinazoamua kama daftari hilo litadumu.

1.0 Utangulizi

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni wengi waliokuwa wakiishi nchini walifika kununua mahitaji ya nyumbani. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza kazi hiyo. Jamaa na wanafunzi wake hawakuiacha, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika.

Soko lile la awali lilikuwa na sifa moja ambayo haitajwi mara nyingi. Mnunuzi alimkuta mchoraji, au ndugu yake, ameketi karibu na picha. Aliuliza, akajibiwa, bei ikapatanwa. Jina la mchoraji halikuhitaji kuandikwa mahali popote kwa kuwa mwenye jina alikuwapo. Picha hiyohiyo ikiwekwa kwenye wavuti, mtu huondoka na kubaki picha peke yake. Pengo lililoachwa na mtu huyo limezibwa na neno moja: Tingatinga. Jina la mtu mmoja limekuwa jina la mtindo, kisha jina la bidhaa, na chini yake wamepotea wachoraji wengi walio hai, kila mmoja akiwa na mkono wake unaotambulika kwa jicho lililozoea.

Kwa hiyo swali la makala haya si kama wasanii wanahitaji intaneti. Wamekwishaingia humo, wapende wasipende, kwa kuwa picha zao zinauzwa humo na watu wengine. Swali ni nani anayemiliki ukurasa ambao picha inaonekana, na ukurasa huo unasema nini.

2.0 Ukurasa kama daftari

Mafunzo mengi ya wasanii huanza na duka: kitufe cha kununulia, bei, kikapu. Kwa maoni ya mwandishi, mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini. Mtu aliye Hamburg au Muscat hatumi fedha kwa mtu asiyemjua kwa sababu kitufe kipo. Hutuma akiisha kuridhika kwamba mchoraji yupo, amekuwa akifanya kazi kwa miaka kadhaa, na picha anayoiona ndiyo atakayoipokea.

Hayo yote hutokana na maandishi ya kawaida kabisa. Kila kazi iwe na jina lake, vipimo kwa sentimita, aina ya rangi na kitu kilichochorewa, mwaka, na hali yake: ipo, imeuzwa, au imo katika maonyesho. Pawe na picha ya mbele, ya nyuma na ya sahihi. Faili lenyewe lipewe jina linaloeleweka badala ya tarakimu zilizotolewa na kamera. Ingawa mitambo ya kutafutia imejifunza kutambua maumbo, bado inategemea sana maneno yanayoizunguka picha. Chui asiye na maneno ni chui kama chui wengine elfu. Chui mwenye jina la mchoraji, mwaka na mji hupatikana na yule anayemtafuta mchoraji huyo.

Kazi iliyouzwa isifutwe. Kosa hili ni la kawaida, na chanzo chake ni fikra ya duka, kwa kuwa muuza duka huondoa rafuni kilichokwisha. Msanii hujenga thamani kwa kuonyesha vilivyokwisha. Miaka kumi ya kazi zilizouzwa, zikiwa na tarehe, ni ushahidi ambao hakuna tangazo linaloweza kuushinda.

Faida nyingine ni ya kisheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yake. Kinachosumbua baadaye ni kuthibitisha nani alichora na lini. Sheria hailindi mtindo, hivyo hakuna awezaye kumzuia mwenzake kuchora ndege kwa namna ya Tingatinga. Picha mahususi, hata hivyo, inalindwa, na ukurasa wenye tarehe ni mahali pazuri pa kuanzia inapoonekana imechapwa juu ya fulana bila ruhusa.

Hapa pana jambo linalohitaji uangalifu. Katika warsha za Tingatinga, kurudia picha si wizi. Mteja huagiza ile aliyoiona, na mchoraji, au mwenzake wa karibu, huichora upya kwa mkono. Mtaalamu anayekuja na dhana ya kazi moja ya pekee ataona udanganyifu pasipokuwapo. Njia ya haki ni kuandika wazi kwamba kazi hii imechorwa kwa mkono, ni ya kurudiwa kwa agizo, na mchoraji wake ni fulani.

3.0 Maneno yanayoandamana na picha

Wasomi wa Kiswahili wanayo sababu ya kukumbuka Lubumbashi. Katika miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha 101 kuhusu historia ya Zaire, na akazieleza katika mazungumzo kwa Kiswahili cha Shaba. Fabian alipochapisha kitabu chake mwaka 1996, maelezo ya mchoraji yalipewa nafasi sawa na picha. Anayezitazama picha hizo bila maelezo huona askari, bendera na umati wa watu. Anayesoma maelezo hukuta hoja.

Blogu, ikitumiwa vizuri, hufanya kazi hiyohiyo. Mchoraji huandika aya mbili kuhusu namna picha ilivyozaliwa: hadithi aliyoisikia, soko alilopita, rangi iliyomwishia akalazimika kutumia nyingine. Hahitaji ufasaha wa kitaaluma, na wala si lazima aanze kwa Kiingereza. Maelezo yaliyosemwa kwa Kiswahili, yakarekodiwa kwa simu, yakaandikwa na kisha kutafsiriwa, huwa na uhai kuliko wasifu wa Kiingereza ulionakiliwa kutoka kwa msanii mwingine. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya kanda hii zina wanafunzi wanaohitaji mazoezi ya unukuzi na tafsiri. Ni ajabu kwamba mahitaji haya mawili hayajakutanishwa kwa mpango wa kudumu.

4.0 Nani anashika ufunguo

Mitandao ya kijamii ni rahisi, na msanii asiambiwe aiache. Tatizo ni kwamba humo mtiririko husukuma picha ya jana chini, na akaunti ikifungwa kumbukumbu zote huenda nayo. Kikoa chake mwenyewe, kiwe cha .co.tz, .ug, .rw au .ke, hulipiwa ada kila mwaka lakini hubaki mahali pamoja.

Mara nyingi tovuti za wasanii hujengwa na mradi. Kikoa husajiliwa kwa jina la mradi, nywila hushikwa na fundi, na fedha zikiisha tovuti huzimika pamoja na miaka yote ya kazi iliyokuwamo. Mfadhili anayetaka kusaidia aulize kwanza jina la nani litaandikwa kwenye usajili. Tovuti ya ushirika ina nafuu ya gharama, lakini nayo iwe na ukurasa wa kila mwanachama kwa jina lake, la sivyo itarudia kosa la neno moja kuwafunika wote.

5.0 Malipo, usafirishaji na dola

Msanii aliyetimiza yote hayo bado anaweza kukwama mlangoni. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo malipo ya ndani si tatizo kubwa. Fedha kutoka nje ni habari nyingine. Kwa miaka mingi mtu aliye Tanzania au Uganda aliweza kulipa kwa PayPal lakini hakuweza kupokea, ilhali Mkenya alipokea, na tangu mwaka 2018 aliweza kuhamishia fedha hizo kwenye M-Pesa. Wachoraji wawili wenye kipaji sawa, mmoja Nairobi na mwingine Kampala, hawakuwa wakishindana kwa usawa, na sababu haikuwa sanaa.

Kwa upande wa usafirishaji, picha ya turubai huvuliwa fremu, hukunjwa na kutiwa ndani ya bomba gumu. Hadibodi ni nzito na huvunjika pembe. Wachongaji wana mzigo zaidi. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2019 yalisamehe bidhaa zilizokamilika ambazo mbao zake hazizidi kilo 10 kwa shehena moja, kwa hiyo vinyago vingi vinapita bila kibali hicho. Maelezo haya yangestahili kuwa kwenye ukurasa wa kila muuza vinyago, kwa kuwa mnunuzi anayeogopa kunyang'anywa mzigo forodhani haulizi, huondoka.

Kuhusu leseni na kodi, mfano wa Tanzania na Uganda unafundisha mengi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu apate leseni: ada ya maombi shilingi 100,000, ya leseni shilingi 1,000,000, na nyingine kama hiyo kila mwaka. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020, zikarekebishwa mwaka 2022, na ada zikapunguzwa. Uganda ilianza tarehe 1 Julai 2018 kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 ikabadili tozo hiyo kwa ushuru wa asilimia 12 wa data. Hakuna ushahidi kwamba waliotunga hatua hizo walimfikiria mchoraji. Wao waliwalenga watoa habari na mapato ya serikali. Lakini mchoraji anayeeleza picha zake kwenye blogu, na anayepakia picha nzito zinazokula data, aliguswa na zote mbili, tena kabla hajauza chochote.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Katika tafsiri ya mtoa maudhui anayepaswa kuwa na leseni, kiongezwe kifungu kinachomtoa wazi msanii anayeonyesha na kueleza kazi zake mwenyewe. Benki kuu za nchi wanachama, zinapojadiliana kuhusu kuunganisha mifumo ya malipo, zichukue muuzaji mdogo wa nje ya nchi kuwa mojawapo ya hali za majaribio: picha moja, mnunuzi mmoja, dola 80, na fedha kufika kwenye simu ya mchoraji zikiwa na risiti ambayo ofisi ya forodha itaikubali.