Mshahara wa mwezi, kodi ya nusu mwaka

Kuna kitanda katika chumba cha uani huko Manzese, Dar es Salaam, ambacho hakipoi. Saa 12 asubuhi anaingia kijana anayelinda ghala usiku, na muda huohuo anatoka mwenzake anayeuza duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Jioni wanabadilishana. Mlinzi akiwa na mapumziko wanalala mzungu wa nne, kichwa huku, miguu kule, feni moja ikiwapuliza wote wawili.

Si ndugu, wala hawatoki mkoa mmoja. Aliyewakutanisha ni dalali. Kila mmoja alikuwa anatafuta chumba chake, na kila mmoja alikuwa na nusu ya fedha.

Hesabu yao ni fupi. Chumba ni Sh50,000 kwa mwezi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa biashara na viwanda kuwa Sh150,000, kwa hiyo kodi ni theluthi ya mshahara. Inauma, lakini inalipika. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba hapokei mwezi mmoja. Anataka miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima, na dalali naye anadai mwezi wake. Jumla ni Sh350,000. Hiyo ni mishahara miwili na ziada, mtu asile, asipande daladala, asitume chochote nyumbani. Na hapo bado hajanunua godoro.

Ndiyo maana nyongeza ya mshahara peke yake haifungui mlango. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4 kuanzia Januari 2026. Ni habari njema. Ila mwenye Sh150,000 akiongezewa theluthi anafika Sh200,000, na ile Sh350,000 bado inamsubiri. Tena wenye nyumba nao wana redio.

Wazee wakisikia kijana analalamika kuchangia chumba hucheka. Wao walilala sita, wengine sakafuni, na wakatoka watu wa maana. Ni kweli. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, imewalea wakazi wengi wa jiji hili. Lakini aliyepokelewa wakati ule mara nyingi alikuwa mdogo wa mtu, mpwa, au mtoto wa jirani kutoka kijijini. Mwenye chumba alijulikana, na mgeni alijua kuwa akipata kazi ataondoka. Hawa wa leo kazi wanayo tayari. Ni watu wazima wawili wenye ajira, na hakuna mwenyeji wala mgeni.

Kuchangia kuna wema wake, usikataliwe. Homa ikikupanda usiku yupo wa kukuita bodaboda. Umeme wa LUKU ukikata mnachanga. Mwaka jana muuza duka alipocheleweshewa mshahara, mlinzi ndiye aliyemlisha kwa wiki mbili, na hakuna aliyeandika deni.

Kisha mama wa mlinzi akaja kutoka Singida kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hakuna mahali pengine pa kumlaza. Mwanawe yuko kazini usiku, kitanda kipo, lakini usiku kitanda hicho ni cha mtu mwingine, mwanamume asiye ndugu yake, na hakuna heshima inayoruhusu walale chumba kimoja. Muuza duka hakusubiri kuambiwa. Alikunja shuka lake akaenda kulala stoo ya dukani, juu ya maboksi ya misumari, kwa siku nne. Mama alipojua, alitaka kuondoka kabla ya siku ya kurudi kliniki. Alisema hawezi kumfukuza mtoto wa mwenzake kwenye chumba anacholipia.

Mambo ya namna hiyo ndiyo yasiyoonekana kwenye hesabu ya kodi. Mchumba anapopeleka posa, wazazi wa binti huuliza anaishi wapi, na jibu la "tupo wawili" haliwafurahishi. Wapo akina dada wanaochangia chumba huku watoto wao wakilelewa na bibi kijijini, na si kwa kukosa mapenzi. Mtoto akilia saa 8 usiku, mwenzake wa chumba ana zamu asubuhi. Kuishi peke yako wengine wanakuita anasa ya kizungu. Kwa mfanyakazi huyu ni ruhusa ya kuwa na mama, mke au mtoto wake chini ya paa moja, na anayefanya kazi siku sita kwa wiki anastahili walau hilo.

Mwenye nyumba wao si katili. Ni mjane, na miezi sita hiyo ndiyo ada ya shule ya wajukuu. Aliwahi kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja. Mpangaji wake akahama usiku akidaiwa mitatu. Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, lakini ilifutwa 2005, na leo masharti ya kodi huamuliwa mlangoni, kati ya mwenye chumba na mwenye shida. Wangeweza kukubaliana mwezi mmoja wa dhamana kisha kodi ya kila mwezi, na mjane asipoteze kitu. Mlinzi alimwomba hivyo. Alijibiwa kwamba chumba kinaulizwa na watu wengi.

Kodi yao inaisha mwisho wa mwezi huu. Mlinzi ana Sh180,000 kwenye simu. Zinatosha nusu yake na kubaki kidogo, hazitoshi chumba chake mwenyewe. Juzi mama yake alipiga simu. Jicho la kwanza limepona vizuri, na daktari anataka arudi kwa la pili. Anauliza aje lini, na yule mwenzake atalala wapi.