Lakiri ya Faili: Namna ya Kuhakiki Orodha za Malipo Katika Kompyuta



Kila msimu wa kahawa orodha za malipo ya wakulima husafiri. Hutoka katika chama cha msingi huko Litembo au Maguu, hufika Mbinga mjini kwa flashi au kwa barua pepe, kisha hupelekwa benki. Vyama vya mwambao wa Ziwa Nyasa, toka Lituhi hadi Mbamba Bay, navyo hutuma hesabu zao kwa njia hizo hizo. Tarakimu moja ya akaunti ikibadilika safarini, jasho la mkulima mmoja huingia mfukoni mwa mwingine, na wa kwanza kunyooshewa kidole ni katibu. Ipo njia ya kuwalinda wote wawili, nayo haina gharama.

JUMLA PEKE YAKE HAITOSHI

Tumezoea kuhakiki orodha kwa kujumlisha kilo. Njia hiyo ni njema, wala isiachwe, lakini ina upungufu. Tuseme mwanachama Na. 14 alileta kilo 312, na mwanachama Na. 41 kilo 287. Mtu akimpunguzia wa kwanza kilo 50 na kumwongezea wa pili, watasomeka 262 na 337. Jumla inabaki 599 kama mwanzo. Hesabu imesimama, haki imeanguka.

NAMBA YA UHAKIKI NI NINI?

Kompyuta yaweza kusoma faili yote tangu mwanzo hadi mwisho, kuipitisha katika kanuni ya hesabu, na kutoa namba moja ndefu. Kanuni itumikayo sana huitwa SHA-256, iliyotangazwa rasmi Marekani mwaka 2002. Namba yake ina alama 64, yaani tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Faili isiyoguswa hutoa namba ile ile katika kompyuta yoyote. Ikibadilishwa nukta moja, namba yote hugeuka. Ni kama lakiri mdomoni mwa gunia: haizuii gunia kufunguliwa, bali humjulisha mpokeaji kwamba limefunguliwa.

Kanuni ya zamani iitwayo MD5 isitegemewe. Mwaka 2004 wataalamu wa China walionyesha kuwa faili mbili tofauti zaweza kutengenezwa zikatoa namba moja.

UTARATIBU WA KUFUATA

Kompyuta za mezani zenye Windows tayari zina chombo hiki, hivyo hakuna programu ya kununua.

Kwanza, hifadhi orodha iliyokamilika na uifunge. Tuseme inaitwa malipo.xlsx, nayo imo katika folda C:\Malipo.

Pili, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi la kuandikia amri.

Tatu, andika amri hii ili uingie katika folda, kisha bonyeza Enter:

cd C:\Malipo

Nne, andika:

certutil -hashfile malipo.xlsx SHA256

Ukibonyeza Enter, namba ya alama 64 itatokea. Katika Windows za zamani huonekana ikiwa na nafasi katikati. Nafasi hizo zisihesabiwe. Herufi kubwa na ndogo nazo ni sawa. Wenye kompyuta za Linux waandike sha256sum malipo.xlsx.

Tano, nakili namba hiyo katika daftari la chama pamoja na tarehe na jina la faili. Katibu na Mwenyekiti watie sahihi.

Mpokeaji naye atoe amri hiyo hiyo kwa faili iliyomfikia kabla ya kuifungua, kisha alinganishe alama zote 64. Asiridhike na chache za mwanzo na za mwisho. Zikipishana hata moja, orodha isilipwe mpaka chama kiulizwe.

MAMBO YA KUANGALIA

(a) Namba isisafiri pamoja na faili. Mwenye kubadili orodha ndani ya flashi ataweza kubadili na namba iliyomo humo. Isomwe kwa simu, alama nne nne, kwa mtu anayefahamika.

(b) Kuifungua faili na kuihifadhi upya hubadili namba, hata kama hakuna kilo iliyoguswa. Kwa hiyo si kila tofauti ni wizi. Kila tofauti ni swali. Kubadili jina la faili tu hakubadili namba.

(c) Namba haifichi yaliyomo. Majina na akaunti za wanachama zaendelea kutunzwa kwa siri.

(d) Namba haijui ukweli wa mizani. Mkulima akipunjwa kituoni, namba itathibitisha tu kwamba uongo ule ule umefika benki salama. Mizani, stakabadhi ya mkulima na kusoma orodha hadharani kabla ya kuituma havina mbadala.

Yafaa Bodi ya kila chama iuweke utaratibu huu katika kumbukumbu za kikao kabla ya msimu kuanza, na daftari la namba litunzwe pamoja na vitabu vinavyotolewa kwa wakaguzi. Siku mwanachama atakapouliza fedha yake ilipotelea wapi, daftari hilo litaonyesha kama orodha ilibadilika baada ya kutoka mikononi mwa chama. Katibu mwaminifu hatakuwa na haja ya kuapa.