Jadidifu na Isiyo Jadidifu: Mazingatio Kutoka Lusu



Watoto wetu hufundishwa shuleni kwamba miti na maji ni rasilimali jadidifu, na madini si jadidifu. Ni sahihi, ila bado kuna la kuongeza. Kitu huwa jadidifu pale kinaporudi upya kabla hatujakimaliza. Basi tuulize mambo mawili: kinarudi kwa muda gani, na sisi tunachukua kiasi gani?

Tutazame Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Dhahabu ya huko imo katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mgodi wa Golden Pride ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, ukatoa wakia zaidi ya milioni 2 kwa takriban miaka 15, kisha ukafungwa. Hakuna masika yatakayoirudisha dhahabu ile. Kinachoweza kubaki ni kile tu kilichojengwa kwa pato lake.

Mkoa huohuo una misitu ya miombo inayowapa watu asali, kuni na mbao. Mti wa miombo ukikatwa na kisiki kikaachwa, huchipua tena. Lakini kuni za kukaushia tumbaku na mkaa vikitolewa kwa haraka kuliko msitu unavyoota, na visiki vikang'olewa kupisha mashamba, msitu nao humalizika kama mgodi. Dhahabu imeumbwa hivyo. Msitu tunaugeuza sisi.

Huku kwetu visiwani mambo ni hayohayo. Maji ya visima yanatokana na mvua inayopenya ardhini. Tukiyavuta kwa pampu kuliko mvua inavyoyarudisha, maji ya bahari husogea chini kwa chini, na kisima kikaingia chumvi. Mikoko huota tena ikikatwa kwa kiasi, lakini mchanga wa kujengea unaochimbwa mashambani hawatauona ukirudi wajukuu wetu.

Dini yetu imekataza israfu, hata katika kilicho halali. Kwa hiyo kisichorudi, kama mchanga, tukitumie kwa uchache na kwa jambo litakalodumu. Kinachorudi, kama maji, tukipe nafasi ya kurudi: tufunge mifereji inayovuja, tuvune maji ya mvua, tusijenge juu ya ardhi inayoyapokea. Hii ni amana, na wenye haki nayo wengine hawajazaliwa.

Wallahu a'lam.