Madirisha ya Electron
Electron, iliyoanzia GitHub mwaka 2013 kwa jina la Atom Shell, huwezesha kuunda programu za kompyuta kwa HTML, CSS na JavaScript. Mchakato mkuu mmoja ndio unaofungua, kupanga na kufunga madirisha. Kila dirisha, ambalo lisipopangiwa vipimo huwa na upana wa pikseli 800 na kimo cha 600, kwa kawaida huchorwa na mchakato wake. Ukurasa mmoja ukikwama, madirisha mengine huendelea, ingawa kila dirisha jipya hula kumbukumbu.

Dirisha likionyeshwa mapema mno, mtumiaji huona weupe mtupu, kasoro inayokera kweli. Dawa ni kulificha mpaka ukurasa uwe tayari.

Kwa desturi, kufunga dirisha la mwisho huizima programu kwenye Windows na Linux. Kwenye macOS hubaki hai.