Magurudumu ya Gari la Mbio: Yalingane Yote, au ya Nyuma Yawe Mapana?

Ndugu msomaji, siku hizi katika barabara zetu, tangu Kampala hadi Jinja na Masaka, huonekana magari madogo ya mbio yaliyoletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika huko. Miongoni mwa wanunuzi wamo askari na polisi waliodunduliza akiba kwa miaka mingi. Gari likifika nyumbani, jambo la kwanza aliwazalo mwenyewe ni kulipamba, na pambo la kwanza ni magurudumu. Hapo ndipo linapozuka swali: je, magurudumu manne yawe ya kipimo kimoja, au ya nyuma yawe mapana kuliko ya mbele?

Wengi hulijibu swali hili kwa macho. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba yafaa lijibiwe kwa hesabu, kwani kosa lake hulipwa kwa fedha za nyumba nzima, na pengine kwa roho za watu.

Yaliyompata shemeji yangu

Mume wa dada yangu ni askari wa jeshi. Aliporudi kutoka Somalia, alikokuwa katika kazi ya kulinda amani, alinunua Subaru Impreza WRX STI iliyotengenezwa mwaka 2002. Gari hilo huendeshwa na magurudumu yote manne, nalo lilikuja na matairi manne ya kipimo kimoja, yaani 225/45R17. Rafiki mmoja akamshawishi kwamba gari la kiume sharti liwe pana nyuma. Basi akafunga nyuma matairi ya 255/45R17, na ya mbele akayaacha kama yalivyokuwa.

Kwa macho lilipendeza kweli kweli. Lakini baada ya miezi michache gari likaanza kugoma kila alipokata kona pole pole, kana kwamba breki imekamata. Fundi alipolifungua alikuta difu ya katikati, ile igawayo nguvu kati ya mbele na nyuma, imeharibika kabisa. Fedha zilizowekwa kwa karo ya watoto ya muhula wa pili zikaenda kwa fundi.

"Shemeji," aliniuliza siku hiyo, "tairi ni mpya, injini ni nzima, kosa langu ni lipi?" Nikachukua kalamu na karatasi.

Maana ya namba zilizo ubavuni

Tairi lililoandikwa 225/45R17 lina upana wa milimita 225. Namba ya pili, 45, si milimita, bali ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 45 ya upana wake. Herufi R huonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Sasa tufanye hesabu. Asilimia 45 ya 225 ni milimita 101 na robo. Ubavu uko juu na chini, basi tunapata 202.5. Rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8. Jumla yake, kimo cha gurudumu zima ni milimita 634.3.

Lile la 255/45R17 je? Asilimia 45 ya 255, mara mbili, ni 229.5. Tukijumlisha na rimu tunapata milimita 661.3. Hivyo gurudumu la nyuma lilizidi la mbele kwa milimita 27. Kwa hesabu hiyo, katika kila kilomita moja la mbele huzunguka kama mara 502, na la nyuma mara 481. Katika safari ya kilomita 100 tofauti hupita mizunguko 2,000.

Gari la magurudumu manne lilijengwa likitumainia kwamba mbele na nyuma huzunguka karibu sawa. Tofauti ikiwa ya kudumu, difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika, mafuta yake mazito hupata moto mkali, na mwishowe hukamata. Tairi halikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa katika kuliweka pale. Angalichagua 255/40R17, kimo kingalikuwa milimita 635.8, karibu sawa na la mbele. Hata hivyo, lililo bora ni kufuata alichoagiza mtengenezaji wa gari, yaani yote manne yalingane.

Kwa nini magari mengine hupewa nyuma pana?

Msomaji ataniuliza: mbona Porsche 911 Turbo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, ilikuwa na matairi mapana nyuma? Jibu ni kwamba injini ya gari hilo iko nyuma kabisa, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma. Mwenye mzigo mkubwa hana budi kupewa miguu mipana.

Kuna sababu nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni usalama. Katika kona, ikiwa magurudumu ya mbele ndiyo yanayoteleza kwanza, gari huelekea nje ya kona. Dereva wa kawaida hupunguza mwendo, nalo huanza kutii tena. Lakini ya nyuma yakitangulia kuteleza, mkia wa gari huruka na gari huzunguka kama pia. Ni wachache wawezao kulirudisha.

Mfano mzuri ni Toyota MR2, ambayo injini yake iko katikati, nyuma ya viti. Ile ya kwanza ya mwaka 1984 ilikuwa na matairi manne sawa, 185/60R14. Ya pili, iliyotokea mwaka 1989, ilikuwa nzito na yenye nguvu zaidi, na madereva wakalalamika kwamba mkia wake huruka ghafula. Miaka michache baadaye Toyota ikarekebisha springi na viungo vya magurudumu, ikaweka rimu za inchi 15, mbele 195/55 na nyuma 225/50. Upana wa nyuma ulikuwa dawa ya ugonjwa uliojulikana.

Kwa upande wa pili, Mazda MX-5 ya mwaka 1989, ambayo uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu, ilipewa matairi manne sawa ya 185/60R14, nayo ikasifiwa ulimwenguni kwa wepesi wa usukani. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1999, yenye nguvu nyingi, nayo ilikuwa na 245/40R18 pande zote. Kila mlango na ufunguo wake.

Ama gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, upana wa nyuma haulifaidii kitu. Mbele ndiko kunakovuta, kunakokata kona, na kunakobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki.

Gharama za nyumbani

Magurudumu yanayolingana yana faida nyingi kwa mwenye familia. Kila baada ya kilomita 10,000 hivi, ya mbele huweza kupelekwa nyuma na ya nyuma mbele, ili yaishe sawasawa. Tairi moja la akiba hutosha kwa pande zote. Yakiwa tofauti, mabadilishano hayo hayawezekani. Ya nyuma huisha peke yake, nawe hununua jozi mpya huku ya mbele yangali mazima. Ukipata pancha usiku njiani, tairi lako la akiba huenda likafaa upande mmoja tu.

Tena tukumbuke mvua zetu. Tairi pana huelea juu ya maji upesi kuliko jembamba, hasa likiwa limelika. Na tairi la ubavu mfupi halina mto wa kutosha. Likiingia shimoni kwa kasi, rimu hupinda au kupasuka.

Mambo ya kutazama kabla ya kulipa

Kwanza, soma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kitabu cha gari. Humo mna vipimo vya tairi na upepo wa mbele na nyuma. Upepo upimwe tairi likiwa baridi.

Pili, piga hesabu ya kimo kama tulivyofanya hapo juu. Hesabu hiyo huweza kufanywa na mtoto wa shule ya msingi. Mpe aifanye, naye atajifunza.

Tatu, zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uone kama tairi linagusa bodi. Rimu inayotokeza nje mno huziumiza beringi.

Nne, tazama umri wa tairi. Ubavuni mna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi hukauka na kupasuka hata kama meno yake ni marefu.

Tano, matairi mawili ya mbele yafanane, na mawili ya nyuma yafanane. Ukinunua mawili mapya tu katika gari la kipimo kimoja, hayo mapya yafungwe nyuma, ili mkia usiteleze. Kwa gari la magurudumu manne, ni heri ununue yote kwa pamoja, kwani hata tofauti ya meno hubadili kimo.

Shemeji yangu alirudisha matairi yake ya 225/45R17, na yale mapana akayauza kwa hasara. Dada yangu hakumlaumu mbele yangu. Alisema tu kwamba mara nyingine, kabla ya kununua pambo, wakae mezani wawili, na penseli iwepo. Nami sina shauri lililo bora kuliko hilo kwako, ndugu msomaji.