Chuma cha mgongo: kwa nini kinalegea, kwa nini kinavunjika

Bandugu, miye niko mtu wa kilimo, siko munganga. Lakini tangu shangazi yangu apasuliwe mgongo, kwetu wananiuliza swali moja: kama chuma iko nguvu kuliko mfupa, inavunjika namna gani?

Muangalie grefe ya avoka. Tunafunga kamba ya plastiki ili vipande viwili visisogee. Kamba haiunganishi mti, mti unajiunganisha wenyewe. Mgongoni ni vile vile. Munganga anatia visi ndani ya pingili, anazifunga na fito za titani, halafu anaweka vipande vya mfupa. Ule mfupa ukishikana ndio utabeba mwili. Chuma ni ya kungojea tu.

Daktari Paul Harrington wa Houston, kule Marekani, aliyaona haya kwa watoto wenye mgongo uliopindishwa na polio. Mwanzoni alitia fito bila kuunganisha mifupa: zingine zilivunjika, ndoano zikachomoka. Akarudilia kuunganisha mifupa.

Kama mfupa haukushikana, kila kuinama chuma inapindika kidogo sana. Waya ya fensi ukiipinda mara mingi inakatika bila koleo, sivyo? Tumbaku inachelewesha kushikana. Kwa wazee mfupa umekuwa mwepesi, visi inalegea kama musumari ndani ya ubao wenye kuoza.

Tena kuko mikrobi. Inajibandika kwenye chuma, inajifunika na utelezi, dawa haifike vizuri. Inaweza kujitokeza kisha miezi ao miaka, na maumivu tu, bila homa. Antibiotiki ya siku tano ya kununua barabarani inaficha ugonjwa, haiumalize. Na miguu ikilegea, ao mtu ashindwe kuzuia mukojo, ni hospitali siku ile ile.

Shangazi, maumivu yalirudi kisha mwaka mmoja. Bamoja walisema chuma "imemukataa", kaka mukubwa akataka kuleta mutu wa kukanda. Nilikataa: kukanda mgongo wenye visi bila kujua iko namna gani, hapana. Radio ilionyesha visi mbili za chini zimelegea. Sasa tunachanga feza ya skana, juu radio peke yake haionyeshe vizuri kama mfupa umeshikana, na bila kujua ile hatuwezi kukubali apasuliwe mara ya pili.