Mwizi wa Mtandaoni ni wa Jirani Pekee?

Je, msomaji, wakumbuka Julai 2023 mtandao wa eCitizen uliposhambuliwa? Waliotaka huduma za serikali walikwama, hata kununua tokeni za umeme kwa simu kukawa taabu. Wakati kama huo ni rahisi sote kudai sheria kali.

Mambo yakitulia, twasahau. Ukiambiwa ubadilishe nambari ya siri, waona unasumbuliwa. Lakini bawabu wa jumba la ofisi mjini akikupa kitabu, waandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu bila kuuliza, huku ukisoma za waliokutangulia.

Kwa nini? Mwaka wa 1980, mwanasaikolojia Mmarekani Neil Weinstein aliwataka wanafunzi wa chuo kikuu wajilinganishe na wenzao. Kwa jumla, waliona mabaya yangewapata wenzao kuliko wao. Ndivyo tulivyo. Twadhani mwizi atabisha kwa jirani, kwa hivyo twaunga mkono sheria ya usalama mradi isitusumbue sisi.

Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data. Yakupa haki ya kuambiwa habari zako zitatumiwaje. Lakini nani atakujibu usipouliza?

Basi leo, ikiwa nambari yako ya siri ni mwaka uliozaliwa, ibadilishe. Na kesho pale langoni, muulize bawabu kwa heshima: "Kitabu hiki kikijaa hupelekwa wapi?" Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.